Picha Isiyo na Mambo

Walituambia kutakuwa na picha,
ghala la ushirika, Kayenze, baada ya isha,
kiingilio bure. Tukaja na vigoda,
wengine na ndoo za kugeuza kiti.
Vijana walishaanza kurushiana mateke mlangoni
kwa kudhani ni ya ngumi.

Shuka lilikuwa la Bugumba muuza vitumbua,
lina alama ya pasi pembeni, kahawia,
na alama hiyo ilikaa angani picha nzima
kama mwezi wa pili, ulioungua.

Jenereta likakohoa. Ukuta ukapata ziwa.

Ziwa tu. Muda mrefu.
Kisha mwamba, juu yake mnandi akianika mabawa.
Kisha uzio wa minyaa, na njia,
na njiani hapana mtu.
Sauti ikauliza kutoka nyuma, "Inaanza saa ngapi?"
Ikajibiwa, "Ndiyo hiyo."

Mwanamke anakata viazi vya michembe.
Kiazi kimoja. Kiazi cha pili.
Kuku anaingia kwenye picha, anatafakari, anatoka.
Tunasubiri arudi. Harudi.
Jua linasogea upana wa ungo
na hakuna aliyekufa, hakuna aliyeposwa,
hakuna barua wala bunduki.

Kufikia kiazi cha kumi na saba vijana walishaondoka
na vigoda vya mama zao. Akabaki Lushinge mlinzi,
ambaye analipwa kubaki; akabaki Nkwimba
kwa kuwa ile mikono ilikuwa yake,
ya miaka arobaini iliyopita, haijapinda bado,
na alikuwa akiihesabia viazi kwa sauti ya chini
kama anayeogopa itakosea.
Nikabaki mimi. Niliambiwa baba yumo.

Waliopiga picha hii, wanasema, walikaa mvua mbili
kwenye nyumba ya mwalimu, wakila furu kwa ugali wa muhogo,
enzi hizo furu walijaa karai,
kabla sangara hajawamaliza
na sisi hatujammaliza sangara.
Chombo chao cha sauti walikielekeza majini.
Ndiyo maana watu wote mle ni mabubu,
msemaji ni upepo peke yake.

Akaja. Hapana, hakuja: alikuwepo tangu mwanzo,
mgongo ule karibu na mtumbwi niliodhani ni jiwe.
Jiwe likageuka.
Lina masikio yangu.
Anashona wavu, uzi kautia mdomoni,
halafu anautoa, anatazama upande wetu,
upande wa ghala, wa shuka, upande wangu mimi
ambaye sasa nimempita umri,
na midomo yake inasema kitu.
Maneno matatu. Labda manne.
Upepo ukayachukua yote.

Sikuona kilichofuata. Nilikuwa nimeshaandaa mdomo,
nikijaribu kuyavaa yale maneno:
kufumba kwanza, kisha duara, kisha meno.
Mbuke, jina langu, huanza kwa kufumba.
Nikamgusa Nkwimba. Ulikuwepo. Alisema nini?

Akafikiri, viazi vikimngoja ukutani.
"Mbuzi," akasema. "Alikuwa anakula kamba.
Baba yako alikuwa anamfukuza mbuzi."
Akacheka mpaka Lushinge akawasha tochi.

Mkanda uliisha bila kusema umeisha.
Shuka likabaki jeupe, na ile alama ya pasi,
na wadudu wa ziwa wakalijia kwa maelfu,
wakaandika, wakafuta, wakaandika.
Hakuna aliyezima.

Nimerudi pale mara kadhaa, mchana.
Mwamba upo. Mnandi yupo, au mjukuu wake.
Mahali pa mtumbwi wanaanika dagaa.
Na nikiona mbuzi anaijongelea kamba ya mtu
namwacha kwanza ale kidogo,
ndipo nigeuke,
nifungue mdomo.